Mwalimu Amon Anafungua Kitabu

Kwa miaka miwili mizima, kila Jumamosi saa nne na nusu asubuhi, Mwalimu Amon alisema maneno haya kwenye kipaza sauti cha Kichuguu FM: "Simu ziko wazi, msikilizaji. Karibu tuzungumze kitabu." Halafu alinyamaza. Halafu alikohoa. Halafu aliendelea kuzungumza kitabu peke yake mpaka saa tano, maana simu zilikuwa wazi kweli, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kuzifunga.

Sisemi hakupigiwa kabisa, nitakuwa mzushi. Alipigiwa mara tatu. Mara ya kwanza mtu wa Magindu aliulizia bei ya mbuzi mnadani. Mara ya pili namba ilikuwa imekosewa. Mara ya tatu alipiga mkewe mwenyewe, Vailet, kumkumbusha apitie mkaa, na Mwalimu kwa jinsi alivyokuwa na njaa ya msikilizaji akamuuliza hewani amejifunza nini katika sura ya nne. Vailet akajibu kwamba amejifunza mkaa umekwisha.

Kipindi kiliitwa Siasa, Mpira na Kitabu. Kichuguu FM yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mabati, hapo Picha ya Ndege, Kibaha, na mtu wake mkubwa alikuwa Evance, kijana wa Kimara aliyekuwa meneja, mtangazaji na fundi mitambo kwa wakati mmoja. Kuanzia saa tatu Evance aliongoza siasa, na watu walipiga simu wakagombana mpaka wakasahau wanagombania nini. Kisha akaongoza mpira, na hapo ndipo waliogombana kwenye siasa walipopatana ili wapate kugombana upya. Ilipofika saa nne na nusu alisema, "Na sasa, wapenzi, kitabu," kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, akatoka kwenda kunywa chai na chapati.

Mwalimu Amon hakuona tabu. Alikuwa Mpare wa Usangi, aliletwa Kibaha na kazi akiwa kijana, akafundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na miwili, akastaafu, akawa mzee wa kanisa katika usharika wake wa Kilutheri. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia ambalo jua la Kibaha halikuwahi kumshawishi alivue. Na alikuwa na kitabu kimoja alichokipenda kuliko vyote, riwaya iitwayo Kofia ya Karani, habari za karani wa stesheni aliyepoteza kofia yake ya kazi, akaitafuta maisha yake yote. Zamani ilisomwa shuleni. Baadaye ikaondolewa kwenye orodha, na Mwalimu Amon akabaki nayo peke yake, hataki kuiacha.

Alitaka nini mzee huyu? Hakutaka sifa. Alitaka mtu mmoja, nasema mmoja tu, asome kitabu mpaka mwisho kwa sababu yeye Amon alikizungumza redioni, halafu apige simu wabishane. Basi. Darasani alikuwa na wanafunzi maelfu waliosoma kwa sababu ya mtihani. Alitaka mmoja asiye na mtihani.

Sasa Jumamosi moja, kipindi kimekwisha, Evance akamwita pembeni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Kuna Daktari Shabani, yule wa tiba asili. Anaitaka ile nusu saa yako, na yuko tayari hata leo. Mimi nimemwambia asubiri mwezi mmoja. Simu zikianza kuingia, nusu saa ni yako. Zisipoingia, Mwalimu, mimi nitakuwa sina jinsi."

Mwalimu Amon akaelewa kwamba amekalia kuti kavu. Akaitikia kwa kichwa, akateremka ngazi polepole, akapita dukani akasahau mkaa.

Evance si mtu mbaya. Dhamiri ilimsuta, na mtangazaji akisutwa na dhamiri hutengeneza tangazo. Akatia ngoma, akatia mwangwi, akavuta sauti yake yote ya tumboni: "Umepotelewa? Umechanganyikiwa? Hujui kesho itakuwaje? Jumamosi hii, saa nne na nusu, Mwalimu Amon... anafungua... kitabuuu!" Akalirusha mara kumi kwa siku. Moyoni mwake alikuwa na maana njema tu, kwamba vitabuni kuna majibu ya maisha. Alisikia mahali fulani watu wakisema hivyo.

Hapa lazima nikusimamishe kidogo, maana kama wewe ni wa Kisarawe au wa huku Mlandizi na Dutumi, umeshaanza kucheka na wenzako hawajui unacheka nini. Kwetu mwalimu si wa chaki peke yake. Yupo mwalimu wa chuoni, anayefundisha Kurani, na wapo baadhi ambao ukiwaendea na shida yako watakuuliza jina lako na jina la mama yako, watafungua kitabu, watasoma, watakwambia mbuzi wako yuko kwa nani na binti yako haolewi kwa nini. Huko ndiko kufunguliwa kitabu. Ukimwambia bibi wa Mzenga kwamba Mwalimu fulani anafungua kitabu, hatakuuliza mwandishi ni nani. Atakuuliza anapokea siku gani.

Evance wa Kimara hakulijua hilo. Mwalimu Amon naye, miaka zaidi ya thelathini yuko Pwani, hakulijua, kwa sababu hajawahi kupotelewa na kitu ambacho hakukikuta mfukoni mwa koti. Vailet alilijua. Vailet ni Mzaramo wa Maneromango, Mlutheri kutoka kwa bibi yake, lakini nyumba ya pili kutoka kwao alikaa mwalimu wa aina hiyo, na watoto wote wa mtaa walikuwa wakimchungulia dirishani. Aliposikia lile tangazo alikuwa anachekecha unga. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Mwalimu akaingia na shati la Jumamosi mkononi, akauliza kama pasi ina moto, uso wake una matumaini yasiyo na kiasi, na Vailet akafuta machozi ya kicheko akasema pasi ina moto. Hakusema zaidi.

Jumamosi hiyo Mwalimu alikuwa ameshasema simu ziko wazi, ameshakohoa, alipoona taa ya simu inawaka.

"Haloo, Kichuguu FM," akasema, sauti ikimkatika.

"Haloo. Mwalimu Amon huyo?"

"Ndiye. Naongea na nani?"

"Mboni binti Salehe, wa Mzenga, Kisarawe."

"Karibu sana kwenye kitabu, Bi Mboni."

"Nishakaribia. Naomba unifungulie. Mama yangu anaitwa Kudra."

Mwalimu akasita. Kisha akakumbuka kwamba redio ina mambo ya salamu, watu hutaja jamaa zao. "Tunamsalimu sana Mama Kudra popote alipo."

"Alishakufa, Mwalimu."

"Basi Mungu amrehemu."

"Amina. Fungua."

"Tuanze ukurasa gani, Bi Mboni?"

"Ee! Hilo si langu, hilo ni lako."

Mwalimu aliupenda unyenyekevu huo. Akafungua Kofia ya Karani popote palipofunguka, akasoma kwa sauti yake ya darasani: "'Kofia haikuibwa. Ilikuwa imetulia juu ya kichwa cha mtu aliyepewa, na aliyeitoa alikuwa nyumbani akijifanya anaitafuta.'"

Kimya. Mwalimu akangoja mpaka akadhani mtandao umekatika.

"Bi Mboni, upo?"

"Nipo. Rudia hapo kwenye aliyeitoa."

Akarudia.

"Ahsante, Mwalimu. Mungu akuzidishie." Simu ikakatwa.

Evance aliporudi na chapati mkononi alimkuta Mwalimu amesimama katikati ya studio. "Ameomba nirudie!" Mwalimu akasema. "Umesikia wewe? Mtu wa Mzenga ameomba nirudie sentensi! Huyo ni msomaji anayejali muundo!"

Kule Mzenga Bi Mboni aliacha redio inaongea peke yake. Alikuwa amemshonea mumewe Isihaka kofia ya viua kwa mkono, miezi saba anadunga sindano mpaka macho yanatoka machozi. Isihaka akaivaa Idi moja, wiki ya pili akarudi kichwa wazi, akasema wezi wa mnadani hawana adabu, na siku tatu alikuwa akiinua magodoro kuitafuta. Bi Mboni akafunga khanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa Fadhila, mjane wa kitongoji cha pili ambaye siku nyingi alimtilia shaka, akamkuta kaka yake Fadhila barazani anabangua korosho, kofia imemkaa vizuri kabisa. Posa ya Isihaka kwa Fadhila ilikuwa inatengenezwa kimyakimya, na shemeji mtarajiwa alikuwa ameshalainishwa. Bi Mboni hakuuliza swali. Aliivua kofia kwa mkono wake, akaikung'uta maganda ya korosho, akarudi nayo nyumbani. Kufika Jumatano hakuna mtu kati ya Mzenga na Maneromango ambaye hakujua kwamba yule Mwalimu wa redioni ni kiboko.

Jumamosi iliyofuata, jamani, taa za simu ziliwaka zote kabla Mwalimu hajaketi. Evance hakwenda kunywa chai. Akapiga Hamidu, kocha wa timu ya Dutumi: kesho tuna fainali na Magindu, Mwalimu, mama yangu Zuhura, tufungulie. Mwalimu akafungua: "'Walirudi nyumbani wakiimba, ingawa hakuna aliyejua wanaimba nini.'" Hamidu akashangilia mpaka simu ikaanguka. Kabla ya dakika tano akapiga kocha wa Magindu, naye akaomba sentensi hiyohiyo irudiwe, akashangilia vilevile.

Mwalimu hakuwa mtu wa kusoma tu akaacha. Kila sentensi aliifafanua, taswira iko wapi, kinaya kiko wapi, mandhari yanafanya kazi gani. Na wasikilizaji walimsikiliza kwa heshima kubwa, kwa kuwa waliamini hayo ndiyo maneno ya kazi yenyewe, ambayo mtu wa kawaida hapaswi kuyaelewa. Kuna mama mmoja wa Dutumi aliyeandika neno "kinaya" kwenye karatasi akalibandika juu ya mlango.

Fainali ilichezwa. Kipindi cha pili palitokea ugomvi, mwamuzi akapanda bodaboda akapotea, na kila timu ikatangaza ubingwa wake. Zote mbili zikarudi nyumbani zikiimba.

Mnaona wenyewe. Baada ya hapo nani angemzuia? Akapiga Abdulaziz, aliyekuwa anagombea uenyekiti wa kijiji, akafunguliwa "aliyeitwa wa kwanza akapewa kiti cha mwisho," na mpinzani wake akapiga akitaka kujua wa kwanza ni nani na wa mwisho ni nani. Watu walijibizana kwa simu kuhusu maana ya sentensi moja, nusu saa nzima, na Mwalimu Amon katikati yao anang'aa. Aliona mabishano ya wahakiki. Nani amlaumu? Yalikuwa mabishano ya wahakiki.

Halafu jioni moja, nyumbani, simu ya Mwalimu ikalia: Thadeo, mwenye duka la madaftari Mlandizi. Thadeo alikuwa na maboksi ya Kofia ya Karani yaliyomdodea tangu kitabu kilipoondolewa shuleni, na Mwalimu kila wiki alimtaja hewani kwa moyo wa upendo tu.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba nikuulize, umefanya nini?"

"Kwa nini?"

"Vimekwisha. Vyote. Hata kile nilichokuwa nimekiwekea mashine ya fotokopi isiyumbe, wamekichomoa. Sasa hivi mashine inacheza."

Mwalimu akakaa kitandani, akavua miwani, akalia. Wala hakujificha. "Watu wanasoma, Mama Ursula," akamwambia mkewe. "Nimekaa miaka yote hii nadhani napoteza muda. Watu wanasoma."

"Naona," Vailet akasema, akageukia sufuria yake.

Ilikuwa Alhamisi alasiri Abdulaziz alipokuja nyumbani mwenyewe. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, mkono wa kulia kuku mwekundu, mkono wa kushoto chupa ya marashi.

"Hodi. Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu sana. Huyu kuku vipi?"

"Wa kitabu, Mwalimu."

"Kitabu hakili kuku, Bwana Abdulaziz."

Abdulaziz akacheka kwa adabu. "Basi nimekosea, nilipaswa kuja na ubani. Nisamehe, Mwalimu, nina haraka, uchaguzi umekaribia. Ile sentensi yangu haijakaa sawa. Naomba uniangalizie tena, na huyu mpinzani wangu kama kuna namna ya kumfunga mdomo, basi."

Mzee aliyesahihisha insha miaka thelathini na miwili hatimaye akalielewa swali. Akamtazama kuku. Akatazama marashi. Akamtazama Vailet aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika mwiko.

"Mama Ursula. Huyu bwana ananiona mimi mganga?"

"Si yeye peke yake, Baba Ursula."

Abdulaziz aliona mambo hayaendi, akaaga. Kuku alibaki amefungwa kwenye mpera, analalamika. Mwalimu alikaa kwenye kigoda nusu saa bila neno, na kwake yeye nusu saa bila neno ni muda mrefu sana.

"Umejua tangu lini?" akauliza mwishowe.

"Tangu tangazo la kwanza."

"Ukaniacha? Mimi, mzee wa kanisa, naulizwa majina ya mama wa watu, nafungua ramli redioni, wewe unapika maharage?"

Vailet akaketi chini mbele yake. "Nilikuacha, ndiyo. Ulikuwa unaimba ukinyoa ndevu. Tangu umestaafu hujapata kuimba ukinyoa. Nikasema ngoja kesho nitamwambia. Kesho ikifika naamka nakusikia unaimba."

Mwalimu akauma mdomo. Alikuwa na hasira, na hasira ilikosa pa kutua. "Aibu nitaivumilia," akasema. "Ila nilidhani wanasoma, Vailet. Hicho ndicho kinachoniuma. Nilidhani wamesoma."

Ijumaa akaitwa na mchungaji, habari zimeshamfikia. Mchungaji alizungumza naye kwa upole, akamwambia aseme ukweli hewani kesho, la sivyo Jumapili asikae kiti cha wazee. Mwalimu akakubali, hata asingeambiwa angesema. Mchungaji akamsindikiza mpaka getini, akatazama kushoto na kulia, akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi, Mwalimu, lile la fainali ulilijuaje?"

Na Evance je? Evance alipoelezwa alikaribia kupiga magoti. Kipindi kilikuwa kimetoboa, huko Kisarawe watu walikuwa wananunua betri kwa ajili ya nusu saa hiyo.

"Mwalimu, sikuombi useme wewe ni mganga. Nakuomba tu usiseme kwamba siyo."

"Nitasema, mwanangu."

"Ukisema, simu hazitaingia tena. Na Daktari Shabani hasubiri, amekuja juzi kaniambia. Wiki ijayo anaanza."

"Nimekusikia."

"Unaua kipindi chako mwenyewe!"

"Nimekusikia, Evance. Niwashie."

Saa nne na nusu. Taa zote za simu zinawaka. Mwalimu Amon akaweka Kofia ya Karani mezani, akakifunika kwa viganja viwili.

"Wasikilizaji," akasema, "mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Sijui mbuzi wa mtu yuko wapi. Sijui nani atashinda uchaguzi. Kitabu hiki si cha uganga. Kimetungwa na mtu aliyekaa mezani akafikiri. Hakuna karani, hakuna stesheni, hakuna kofia. Mlinipigia mkidhani mimi ni mwingine, na mimi niliwajibu nikidhani ninyi ni wengine. Mliopotelewa, poleni. Mlionunua kitabu kwa ajili hiyo, nisameheni. Nilifurahi mno, nikasahau kuuliza."

Akaziona taa zinazimika. Moja, ya pili, halafu tatu kwa pamoja. Nyuma ya kioo Evance alishika kichwa. Mwalimu akakohoa. Akafungua sura ya kwanza, akaanza kuieleza kwa utaratibu, kuku wa Abdulaziz nyumbani bado amefungwa, na mbele yake zimebaki dakika ishirini na tano za maisha yake ya redio. Alizitumia vizuri. Alieleza mandhari. Alieleza wahusika. Hakuna aliyepiga. Zilipobaki dakika tano taa moja ikawaka.

"Haloo?"

"Mwalimu, ni mimi Mboni wa Mzenga."

"Bi Mboni. Umenisikia nilivyosema?"

"Nimesikia. Umesema hakuna karani."

"Hakuna, Bi Mboni. Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Unajua kitabu ninacho? Nilimwagiza mtu Mlandizi. Nilitaka nijifungulie mwenyewe, nisiwe nakusumbua. Nikafungua katikati, kama wewe. Sikuelewa kitu. Nikasema labda ndiyo kinavyofungwa hiki, ngoja nianzie mwanzo. Mwalimu, mimi nilisoma ngumbaru, enzi zile za kisomo cha watu wazima. Nikapewa cheti, nikakitia sandukuni, na tangu siku hiyo sijasoma kitabu chochote. Hiki nimekimaliza jana."

Mwalimu Amon akakisogelea kipaza sauti.

"Na nina maneno na huyo karani," Bi Mboni akasema.

"Sema, Bi Mboni. Sema."

"Mjinga! Miaka yote amekaa stesheni anangoja kofia irudi yenyewe! Anaandika barua, anaomba ruhusa, anaulizia kwa adabu. Aende akaivue! Mimi yangu sikuivua?"

Sauti ya kiume ikasikika kwa mbali: "Mwambie na mimi nilishaomba radhi!"

"Huyo Isihaka, kaninyanyulia simu juu, huku mtandao mpaka uutafute. Isihaka, nyoosha mkono, usishushe."

"Lakini Bi Mboni," Mwalimu akasema, na miwani ilikuwa imemteleza mpaka ncha ya pua, "mwandishi hapo anataka kuonyesha kwamba karani haitafuti kofia peke yake. Anatafuta heshima yake."

"Heshima ndiyo ingemfanya aende! Mwandishi naye hapo hakutulia."

"Hakutulia vipi? Soma sura ya tisa!"

"Nimeisoma. Isome wewe!"

Wakabishana. Dakika nne nzima, hewani, Kibaha na Kisarawe zote zinasikia, mzee wa Usangi na bibi wa Mzenga, sura kwa sura, na hakuna hata mmoja aliyekubali. Nyuma ya kioo Evance alikuwa anaonyesha saa.

"Bi Mboni, muda umekwisha," Mwalimu akasema. "Na nusu saa hii imekwisha. Wiki ijayo sipo."

"Aa. Haya. Basi kabla hujafunga, nikufungulie wewe. Mama yako anaitwa nani?"

Mwalimu akatazama dirishani. Alijua mchungaji anasikiliza, wazee wa kanisa wanasikiliza, Vailet anasikiliza.

"Elinipa," akasema.

Karatasi zikasikika zikigeuzwa. Bi Mboni akasoma polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayefuata herufi kwa kidole: "'Karani alizungumza peke yake miaka na miaka, akidhani hakuna mtu. Kumbe nyuma ya ukuta watu walikuwa wamekaa, wanamsikiliza.'"

Mwalimu Amon alikifundisha kitabu hicho miaka kumi na tisa. Alijua kila aya inaanzaje. Sentensi hiyo haikuwemo kwenye ukurasa wowote.

"Ukurasa wa ngapi, Bi Mboni?"

"Wa mwisho kabisa, Mwalimu. Pale chini."

Evance alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha muziki, akangoja.

"Ipo," akasema Mwalimu Amon, mzee wa kanisa. "Umeisoma vizuri."